Nguzo ya Jikoni, Kambi ya Pili

Siku yangu ya kwanza kambini nilikabidhiwa pete ya chuma iliyojaa funguo, nikaambiwa nisiiweke chini hata nikienda chooni. Aliyenikabidhi alikuwa Msimamizi Mkuu wa Makazi, mzee wa Kisrilanka ambaye shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi hata saa za jua kali. Mimi nilikuwa nimetoka West Bay, mtaa wa maghorofa wa Doha, ambako nililinda jengo la ofisi na kuwafungulia watu milango ya vioo bila wao kunitazama usoni. Eneo la Viwanda halikuwa na vioo. Lilikuwa na gereji, vumbi, malori yaliyoegeshwa ubavu kwa ubavu, na nyuma ya malori hayo kambi zetu, majengo marefu ya ghorofa mbili yenye kamba za nguo kila dirishani.

"Unajua kuhesabu vitanda?" aliniuliza.

"Najua, bwana."

"Hilo kila mtu analijua. Unajua kumhamisha mtu?"

Nilidhani ananitania. Akaniongoza hadi chumba cha chini, ambako fundi bomba mmoja wa Nepali alikuwa amekaa kitandani akila tambi. Kumhamisha mtu, katika kazi yetu, ni kumtoa kitanda kimoja kumpeleka kingine, mara nyingi kambi nyingine kabisa, kwa kuwa mradi wake umeisha au umehama. Wasimamizi wengi walibandika karatasi ukutani wakaondoka. Msimamizi Mkuu alisimama miguuni pa kitanda cha yule fundi, akamtaja kwa jina lake kamili, akamwambia anakwenda wapi, atalala kitanda gani, na nani anamngoja huko. Akamwambia aangalie chini ya godoro asiache kitu. Halafu yeye mwenyewe, mzee mzima, akaushika mlango mpaka fundi akapita na mizigo yake.

Tulipotoka nje akaniambia, "Usimwambie rafiki yake amwambie. Mwambie mwenyewe, kitandani pake. Na mlango mshikie, mikono yake itakuwa imejaa."

"Na asipoambiwa?"

"Jioni atapanda basi lilelile alilolizoea, litamleta hapa, akute mtu mwingine amelala mahali pake. Nimeona watu wazima wakilia kwa jambo hilo."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote. Mengine niliyapata kwa kuogopa.

Nasema kuogopa kwa sababu vijana wanaoniuliza habari za Doha huniuliza juu ya joto, na mimi hukumbuka zaidi hofu. Msimamizi Mkuu alipomaliza mkataba wake nilipewa Kambi ya Pili niisimamie, na kuanzia siku hiyo nililala nikiuwaza moto. Jiko letu lilikuwa la pamoja: chumba kirefu chenye safu za majiko ya gesi, mabomba yakipita ukutani, na vali kuu nje, ndani ya kisanduku cha waya ambacho ufunguo wake nilikuwa nao mimi tu. Darini mle jikoni kulikuwa na vitambuzi vya joto. Vya moshi tulivifunga kwenye ujia nje ya mlango, kwa maana vingekuwa jikoni kila chapati ingeamsha kengele. Moto wowote nje ya jiko la gesi ulikuwa marufuku. Mshumaa marufuku, ubani marufuku, jiko la umeme la chini ya kitanda marufuku. Nilikuwa na sanduku la vitu nilivyowanyang'anya watu: hita, pasi zilizochubuka waya, na vifurushi vya tambuu na popoo, maana walaji wake walikuwa wakichafua kuta kwa mate mekundu.

Juu yangu alikuwa Meneja wa Makazi, ambaye sote tulimwita mudiri kama Waarabu wanavyomwita meneja. Alikuwa Mmisri, mfupi, mwenye kauli moja aliyoirudia kila ziara: "Likitokea lolote jikoni, usinipigie simu. Panda ndege."

Basi ndiyo maana Biren aliponijia ofisini, mwishoni mwa Januari, niliushika ufunguo wa vali kabla hajamaliza kusema.

Biren alikuwa fundi wa kufunga majukwaa ya vyuma, mtu wa makamo, mpole, kutoka Assam, upande ule wa India unaoingia mashariki kabisa. Watu wake ni Waahom, ambao wazee wao wa kale ni Watai, ndugu wa Wathai, waliovuka milima wakaja kukaa kando ya mto mkubwa. Tulizungumza Kihindi cha kambini, kile kilichochanganywa na Kiarabu na Kiingereza. Hapa nayaandika maneno yetu kwa Kiswahili. Aliniita chacha, yaani baba mdogo.

"Chacha, nataka kuazima nguzo."

"Kuazima nini?"

"Nguzo ya jikoni. Ile ya kona, upande wa kaskazini mashariki. Kwa asubuhi moja tu."

Nilimwambia akae. Akanieleza kwamba kwao, siku ya mwisho ya Januari, huadhimishwa Me-Dam-Me-Phi. Me ni kutoa, dam ni wahenga, phi ni miungu. Kila nyumba ya Kiahom ina nguzo moja jikoni ambayo ni ya wahenga wa nyumba hiyo, na siku ile hupangiwa chakula chini yake juu ya majani ya mgomba, taa ikawashwa, wakaitwa kwa majina. Aliyekufa karibuni ndiye anayengojwa zaidi, kwa sababu bado hajazoea.

"Baba yangu alikufa mwaka uliopita," alisema. "Mimi nilikuwa juu ya jukwaa. Ruhusa yangu ilipotoka walikuwa wamekwisha mzika."

"Pole sana, Biren. Lakini huko nyumbani si watamwita?"

Akatazama mikono yake. "Nyumbani wapi, chacha? Mto ulikula ukingo mpaka ukala nyumba. Jiko lilikwenda kwanza. Baba alifia kwa shangazi yangu, na nguzo ya shangazi ni ya ukoo wa mumewe. Baba hawezi kukaa kwa wakwe, alikuwa hawapatani nao hata akiwa hai."

Nilicheka, naye akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Mimi ni mwanawe wa pekee. Mahali ninapopika ndipo jikoni kwangu. Nisipomwita, atakuwa mtu asiye na nyumba."

Mimi ni Mwislamu, na kwetu Muheza bibi mzaa baba alikuwa akimwaga unga mlangoni kwa ajili ya wazee wake, nasi watoto tukaonywa tusimwambie mwalimu wa chuoni. Kwa hiyo neno tambiko halikunishtua. Kilichonishtua ni taa. Nilijua sura ya mtu asiye na nyumba, nilikuwa nikiiona kila siku kwenye mabasi. Nilijua vilevile sura ya mudiri.

Nikampa masharti. Pombe ya mchele, ambayo kwao ni lazima, haiwezekani. Nchi ile ingetufunga sote wawili. Kuchinja kuku jikoni, hapana. Taa iwe moja, ndogo, ya mafuta ya haradali.

"Bila pombe baba atanikasirikia," alisema.

"Mwambie msimamizi wa kambi amekataa."

"Nitampa maji ya mchele. Alikunywa vya kutosha alipokuwa hai, mama atafurahi." Kisha akauliza kwa aibu, "Na popoo, chacha? Popoo na tambuu ni lazima. Maduka yote nimezunguka."

Nikafungua sanduku la marufuku.

Mwaka ule siku yao iliangukia Ijumaa. Hilo lilinisaidia, kwa kuwa kila Ijumaa asubuhi nilifunga vali kuu ili kukagua mabomba. Kukagua ni hivi: unafunga gesi, unafungua milango upepo upite, unapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kisha unafungua vali tena na kutazama kama povu linatoa mapovu mapya. Wakati gesi imefungwa hakuna anayepika, na jiko huwa tupu. Wala hakuna cha kulipuka. Nilijihesabia hivyo tangu Jumatatu, na kila nilipojihesabia nilipata sababu mpya ya kuogopa. Je, mafuta yakimwagika? Je, kitambaa kikishika? Je, mtu akipiga picha kwa simu?

Langoni nilimweka Otieno, mlinzi kutoka Kisumu. Ilibidi nimwambie.

"Mzae, wewe umeamua kutuchoma sisi wote?" aliniuliza. "Huyo msee si angoje aende home?"

"Home haipo, Otieno. Mto umeibeba."

Akavuta komeo la lango, akalirudisha. Kisha akasema, "Sawa. Mimi nakaa gate. Nikiona mudiri nakupigia mara moja nakata. Lakini ukikamatwa mimi sikujui, hata nikiulizwa na nyanyangu."

Asubuhi ile nilifunga vali, nikaijaribu, nikaijaribu tena. Biren aliingia ameoga, nywele zina maji, amevaa shati jeupe na kitambaa cha kwao mabegani. Kwenye nguzo ya kona ilitundikwa mitungi ya kuzimia moto na mchoro wa njia za kutokea. Aliomba ruhusa kwa mkono tu, nami nikaishusha mitungi nikaiweka karibu na miguu yangu. Akatandaza majani ya mgomba sakafuni, akapanga wali, mayai, dengu mbichi zilizolowekwa, kikombe cha maji ya mchele, na popoo zangu za marufuku. Akawasha taa. Ulimi wa moto ulikuwa mdogo kuliko ukucha, lakini mimi niliuona mkubwa kama nyumba.

Alianza kutaja majina. Sikuelewa hata moja, ila yalikuwa mengi na yalishuka kama mtu anayeshuka ngazi, akikanyaga kila kidato. La mwisho lilikuwa la baba yake. "Lokhen," alisema. Akalisema tena.

Simu yangu ikalia mara moja, ikakatika.

Sikuwa na muda wa kufanya lolote. Mudiri aliingia kwa mlango wa ujia akizungumza, "Mwakilishi wa mteja yuko nje, anataka kuona vyumba wakati watu wamo," na hapo sentensi ikamwishia. Aliitazama taa. Aliitazama nguzo tupu. Alinitazama mimi na mitungi yangu miwili, kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa wizi.

"Nini hii?"

"Anamlisha baba yake, mudiri."

"Baba yake yuko wapi?"

"Amekufa."

Biren hakugeuka. Baadaye aliniambia kwamba huwezi kumpa mgongo uliyemwita kabla hajala. Wakati ule mimi niliona ni ukaidi, na nikajua kazi ya watu wawili imekwisha.

"Gesi?" mudiri aliuliza.

"Imefungwa."

Hakuniamini. Alitoka, nikamsikia akitikisa kisanduku cha waya, nikamfuata na funguo zikigongana mkononi mwangu, akaishika vali kwa mkono wake. Akarudi ndani. Nilingoja neno la ndege.

"Kanuni inasema moto usiachwe bila mtu," alisema. "Nani anausimamia?"

"Mimi."

"Wewe nenda kwa mgeni. Mwanzishie ghorofa ya juu, umwonyeshe kila choo." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. "Mimi baba yangu nilimzika kwa simu. Ndugu yangu aliishika karibu na kaburi nikasikia koleo." Akavaa miwani. "Na barua ya onyo utaipata Jumapili. Usidhani hutaipata."

Niliipata. Lakini siku ile, wakati namwonyesha mwakilishi wa mteja vyoo vya ghorofa ya juu kimoja baada ya kingine, mudiri alisimama jikoni na mtungi wa kuzimia moto mkononi hadi taa ikaisha mafuta yake yenyewe.

Miaka ilipita. Biren alimwita baba yake pale kila Januari, sasa kwa taa ya betri, kwa amri ya mudiri. Halafu mkataba wake ukaisha akaenda zake, kwa furaha, na sanduku lililofungwa kamba. Mimi nilihamishiwa Muaither, pembeni mwa Doha, kusimamia nyumba za madereva na wauguzi, kazi nyepesi, yenye bustani na kelele za watoto wa jirani. Mudiri mpya alikuja, kijana, akaniita mzee. Kambi ya Pili ikafungwa. Nilisikia itavunjwa, nikasema haya, na mwili umechoka, nami nikaandika barua ya kustaafu.

Wiki yangu ya mwisho Doha, ikiwa Januari, Biren alinipigia simu.

"Chacha, nimekosea," alisema, hata salamu hakunipa.

Alikuwa amejenga. Mbali na mto, mahali pa juu, na nguzo ya jikoni alikuwa ameisimamisha. Me-Dam-Me-Phi ilikuwa inakaribia, ya kwanza katika nyumba mpya. Ndipo alipokumbuka kwamba aliondoka kambini bila kumuaga baba yake.

"Nilifunga sanduku, nikafurahi, nikasahau. Sikumwambia tunahama."

"Si utamwita huko huko?"

"Nitamwita. Lakini mimi ndiye niliyemwonyesha nguzo ile, nikamwambia hapa ndipo nyumbani. Nimewauliza wazee wetu. Mmoja alicheka, mmoja alinyamaza. Yule aliyenyamaza ndiye anayeninyima usingizi."

Nilimwambia kambi inavunjwa.

"Jiko bado lipo?"

"Sijui, Biren."

"Nenda, chacha. Weka simu kwenye nguzo, mimi nitaongea. Wewe shika simu tu."

Nilipenda hilo la kushika simu tu. Kuzungumza na wafu si jambo la dini yangu, na nilikuwa nimebakiza siku chache tu kuondoka bila doa. Lakini nilipolala niliona yale mabasi, na watu wakishuka mbele ya kambi wasiyojua kwamba imevunjwa, wamesimama na mizigo yao.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Eneo la Viwanda. Uzio wa mabati ulikuwa umezunguka, na ghorofa zote za vyumba zilikuwa vifusi. Jiko lilikuwa limebaki nusu, na kijiko, ile mashine ya kubomolea, kimeegeshwa mbele yake, mkono wake umeinamia ukuta. Langoni alikuwa Otieno, sasa na mvi.

"Mzae! Si nilisikia umestaafu? Huku unatafuta nini?"

"Nguzo ya kona."

"Ile ya yule msee wa taa?" Akaangalia nyuma yake. "Opereta ameenda kula. Akimaliza chai anaangusha hiyo kona. Chukua helmeti, na ukiangukiwa mimi sikujui."

"Hata ukiulizwa na nyanyako?"

"Hata yeye."

Niliingia. Dari lilikuwa limeondolewa upande mmoja na jua lilianguka pale ambapo zamani palikuwa na giza na mvuke. Nguzo ilikuwa imesimama, na msumari wa mtungi bado upo. Nilimpigia Biren. Simu haikupatikana. Nikapiga tena, nikatembea huku na huku juu ya vifusi nimeinua simu kama mpumbavu, nikapiga tena. Mtandao wa kijijini kwake ulikuwa umekatika, ndivyo alivyoniambia baadaye. Nje nikasikia mlango wa kijiko ukifungwa na Otieno akipaza sauti, "Bado kidogo, my friend! Kuna mtu!"

Nilitafuta dua, na kila dua niliyoijua haikuwa ya shughuli hii. Maneno ya Biren sikuyajua. Injini ikawashwa, sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyangu, vumbi likashuka kutoka juu ya nguzo. Nikasimama miguuni pake, mahali pa yale majani ya mgomba, nikafanya kitu pekee nilichofundishwa.

"Mzee Lokhen," nilisema, "baba yake Biren, wa Kambi ya Pili. Unahamishwa. Mwanao amejenga mahali pa juu, mto haufiki. Nguzo yako iko jikoni, kona ileile. Biren mwenyewe anakungoja, na mkeo yupo. Angalia vizuri usiache kitu."

Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kila siku ya kazi, na hilo ndilo lililonishangaza. Nikageuka kwenda mlangoni. Mlango wa jiko ulikuwa ungali kwenye bawaba zake ingawa ukuta wa pembeni haukuwepo, mtu angeweza kupita popote.

Sasa niko Muheza, nafuga kuku wachache. Vijana wanaotaka kwenda Ughaibuni huja kuniuliza kazi ilikuwaje, nami huwaeleza habari za vitanda na vali na povu la sabuni. Mmoja aliwahi kuniuliza kama nilifikiri yule mzee alinisikia. Biren alinitumia picha ya nguzo mpya, mayai na wali juu ya majani, taa ya mafuta ya kweli inawaka. Ninachokumbuka ni kwamba opereta alikuwa akipiga honi, Otieno akiniita kwa jina, vumbi likinijaa machoni, na mimi nimesimama pale nimeushika ule mlango, nikingoja muda ambao mtu mzima mwenye mizigo mikononi huhitaji kupita.